Staringi Aliyeketi Ngazini

Endebess, Jumatatu 31 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo mchana na kuniharibia filamu. Mwanamke alikuwa amesimama juu ya behewa la treni, maadui wanne mbele yake, daraja linakuja nyuma yake, na umeme ukakatika. Nikabaki natazama kioo cheusi, na ndani ya kioo bibi wa miaka sabini na tisa, shali mabegani, mdomo wazi.

Nakiri sasa, kalamu ikiwa bado inanitii. Mimi, Bilha Mwihaki, mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa zamani wa akina mama kanisani, napenda filamu za kupigana. Nazipenda zaidi zile ambazo mpiganaji ni mwanamke. Mapenzi haya yalinikuta uzeeni, mwaka juzi, niliporudi kutoka Eldoret nikiwa na mshono kutoka kitovuni kwenda chini, nikalazwa kwenye kochi la mwanangu Gathii. Nilikuwa nimewekewa mahubiri kwenye runinga kutwa nzima. Mjukuu wangu akaingia, akasema, "Shosho, hawa wahubiri utakutana nao mbinguni. Wacha nikuwekee kitu."

Mjukuu huyo ana jina langu. Kwetu binti wa kwanza wa mwana huitwa kwa jina la mama ya baba yake, kwa hivyo Gathii, mtu mzima mwenye mvi, humwita binti yake "mami". Mimi na yeye tunaitana wajina.

Kuna jambo la pili la kukiri, na ni zito kuliko filamu. Uvimbe umerudi. Hilo si siri. Kanisa zima linaliombea. Gathii na dada yake Wamboi, aliyeolewa kule Myanga, wameamua nitapasuliwa tena. Mimi sitaki. Haya, nimeandika. Kuandika ni rahisi. Kumtazama Gathii machoni na kumwambia, hiyo ndiyo kazi.

Jumatano 2 Aprili

Mvua. Gathii amepanda shamba la chini. Tumbo limelala.

Jumapili 6 Aprili

Akina mama wa kanisa walikuja baada ya ibada, tisa, na viatu vyao vya tope mlangoni. Chepkemei, jirani yangu tangu tupate mashamba haya, alinishika mkono. "Bilha, wewe hushindwi na kitu. Si unakumbuka wale wezi?"

Wezi tena. Ni hivi: mwaka ule mume wangu alipofariki, wezi walikuja kuchukua ng'ombe, nikatoka nje na jembe, nikampiga mmoja begani, wakakimbia. Hadithi hii imesimuliwa hadi jembe limekuwa panga na wezi watatu wamekuwa saba. Leo Chepkemei aliwafikisha tisa, hesabu ya wasikilizaji. Wakaomba: Bwana, huyu ni askari wako, mtie nguvu aende vitani tena. Nikasema amina. Ningesema nini?

Walipoondoka tulimaliza ile ya treni. Macho yangu yanasoma kitabu nikikileta karibu na pua, lakini maandishi yanayokimbia chini ya filamu yamenishinda, kwa hivyo wajina hunisimulia. Mwanamke yule aliruka kutoka kwenye treni, akabingirika kwenye kokoto, akasimama, akapangusa goti, akatembea.

"Hata mgongo hashiki?" nikauliza.

"Staringi haumwi na mgongo, shosho."

"Na nywele?"

"Nywele ziko na mkataba wao."

Kila mtu hapa anajua staringi ni nani: ni yule mtu mkuu wa filamu, na sheria ni kwamba hafi. Nikasema nimeona jambo jingine. Mwanamume akiingia, kamera humsalimia usoni. Mwanamke husalimiwa kuanzia viatuni, kamera inapanda polepole kama konokono ukutani, na ikifika usoni tumeshasahau tulikuja kufanya nini. Na mwanamume hupigana kwa sababu ni kazi yake, au kwa sababu wamemwibia gari. Mwanamke lazima kwanza wamuulie mtoto, ndipo wampe ruhusa ya kukasirika.

"Na wakizeeka wanaenda wapi, wajina? Sijaona mmoja aliyepita miaka arobaini."

"Wanakuwa mama ya staringi. Wanauawa kabla njugu ziishe."

Nilicheka hadi nikashika mshono.

Alhamisi 10 Aprili

Sikulala vizuri. Uji nusu kikombe.

Jumamosi 12 Aprili

Leo nimekwenda kwenye kibanda cha video. Naandika nikiwa bado nacheka.

Kibanda ni cha Kipkemei, pale sokoni nyuma ya duka la dawa za mifugo: mabati juu, mabati kando, mabenchi, runinga kubwa ukutani. Wajina humsaidia kuchagua filamu na kuunganisha nyaya. Kipkemei mwenyewe hukaa kando ya runinga na kipaza sauti, anageuza Kiingereza, Kichina, chochote kile, kiwe Kiswahili chetu. Miji yote kwake ni Kitale. "Sasa wanapita stendi, wameacha soko kushoto, adui yuko kule kwa mahindi!" Nilimfundisha darasa la sita. Hata wakati ule hakuweza kunyamaza.

Gathii hakutaka niende. "Mama, kule kuna vijana na kelele."

"Gathii, nimekaa na vijana na kelele miaka thelathini na sita."

Akanipeleka na pikapu, akaniacha na mto wa kukalia, akaenda kutafuta mbolea.

Filamu ya leo ilikuwa na mwanamume na mwanamke. Kipkemei hakungoja. "Staringi ndio huyo ameingia! Mwangalie kifua! Na nyuma yake ni nani? Ni Mama Chapati, amemletea lanchi!" Watu wakacheka. Mama Chapati alikuwa na bastola mbili na ramani, lakini Kipkemei hakuziona. Kila alipompiga mtu, Kipkemei alisema ni staringi amemfundisha jana.

Filamu ikafika katikati. Pakatokea mlipuko. Staringi akaanguka kifudifudi, na Mama Chapati akamgeuza na kumfumba macho kwa vidole viwili.

Kisha sauti kutoka nyuma: "Kip! Staringi amekufa?"

"Hajakufa bana! Amezimia."

"Si amefungwa macho?"

"Ndio apumzike!"

Picha ikabadilika. Watu wenye nguo nyeusi, sanduku refu. "Kipkemei, hilo ni jeneza!" akapiga kelele mama mmoja muuza mandazi.

"Ati jeneza? Huyo anapelekwa rufaa Eldoret. Barabara ni mbaya, wamemfunika asigongwe."

"Na hao wanalia nini?"

"Wamekosa nafasi ya kwenda na yeye."

Sanduku likashushwa shimoni. Udongo ukatupwa. "Wanamfukia!" watu wakapiga kelele. "Staringi hakufangi! Kipkemei, staringi hakufangi!"

"Wanamficha!" Kipkemei alikuwa anatoka jasho. "Adui asimwone! Tulieni, anarudi!"

Akarudi wapi. Muda wote uliobaki Mama Chapati alipigana peke yake, akapanda jengo, akavunja milango, akamaliza jeshi zima, na Kipkemei akisema, "Anamshikia nafasi tu. Staringi akitoka hospitali atakuja kumalizia." Filamu ikaisha. Majina yakaanza kupanda kwenye kioo. Mzee mmoja mwenye mwavuli alikataa kuinuka. Alisema atangoja hadi mgonjwa aruhusiwe.

Watu walipotoka nilimwita Kipkemei. Akaja amejikunja kama mwenye deni la kazi ya nyumbani.

"Kipkemei, hukuona kwamba staringi alikuwa yule mama?"

"Niliona, mwalimu. Niliona mapema sana."

"Sasa?"

"Mwalimu, ukishasema mtu ni staringi, utarudi nyuma namna gani? Watu wameshakaa na yeye. Akianguka utasema tu amezimia."

Mzaha ulinitoka mwilini hapohapo, nikahisi baridi ya mabati. Nimekuwa nikiwaza maneno hayo jioni nzima.

Wajina hakuwaza, aliingilia. "Nipe Jumamosi moja, Kip. Nisimulie mimi, na staringi awe mwanamke kutoka mwanzo."

"Watu watatoka."

"Wasipotoka?"

Kipkemei akanitazama mimi, kana kwamba ningemwadhibu. "Sawa. Mwezi wa saba mwanzoni, watu wakishamaliza palizi. Moja tu."

Jumapili 20 Aprili

Pasaka. Mvua kubwa. Mahindi yamechomoza, mistari ya kijani kama daftari jipya.

Alhamisi 24 Aprili

Kitale, kliniki. Daktari ni kijana mpole, alinionyesha picha ya tumbo langu kwenye mwanga. Alieleza bila kuzunguka: bila kupasuliwa, labda nifike Krismasi, na kuna dawa za kutuliza maumivu. Nikipasuliwa, labda zaidi, labda nisiamke mezani. Nikampenda kwa kusema yote mawili.

"Shosho, uko tayari?" akaniuliza.

Kabla sijafungua mdomo Gathii akajibu. "Huyu? Daktari, humjui huyu. Huyu ni mpiganaji." Akaniwekea mkono begani. Tarehe kumi na nne Julai, Eldoret.

Daktari bado alikuwa ananitazama mimi. Ulikuwa mlango wazi. Lakini ule mkono begani ulikuwa unatetemeka, mkono wa mtu wa miaka hamsini na mitano anayebeba ndama peke yake. Nikasema, "Tumwachie Mungu." Sisi watu wa kanisa tukiogopa huwa tunamtanguliza Mungu mbele kama ngao.

Njiani Gathii aliimba. Haimbi huyu, ila akiwa na hofu.

Jumapili 4 Mei

Naanza kukasirishwa na neno shujaa. Pasta alilitumia mara tatu leo.

Myanga, Jumatano 14 Mei

Niko Bungoma kwa Wamboi. Joto zaidi kuliko kwetu, na hewa ina harufu ya miwa. Wamboi ananilisha kama kuku wa sherehe. Majirani wanakuja kumwona mama wa Wamboi, na Wamboi anawasimulia wezi. Huku Bungoma wezi wana bunduki.

Mchana, majirani walipokwisha kuondoka, tulikaa varandani kupukuchua maharagwe. Nikamwambia, "Wamboi, unajua kilichotokea baada ya wezi kukimbia?"

"Walikamatwa?"

"La. Mimi. Kilichonitokea mimi."

Akasimamisha mikono. Nikamwambia. Jembe liliniponyoka, nikajikojolea. Nilikaa kwenye zizi nikimshikilia ng'ombe shingoni hadi akachoka nami, akajitoa. Nilirudi ndani nikafunga mlango kwa meza, kwa kabati, kwa gunia la mahindi. Na muda mrefu baada ya hapo sikuweza kulala kitandani mwangu. Nililala chini kando ya kitanda chenu, mkono wangu umeshika mguu wako, maana wewe ulilala upande wa nje.

Filamu hukata hapo. Adui anaanguka, na picha inayofuata ni asubuhi, mwanamke ana koti jipya. Hakuna anayeonyeshwa akimshika mtoto mguu.

Wamboi alikuwa na umri wa miaka mitano wakati ule. Akasema, "Nakumbuka huo mkono. Nilidhani unanilinda."

"Nilikuwa nalindwa."

Akacheka, akalia, akajipangusa kwa leso yenye vumbi la maharagwe. Nikaona njia imefunguka, nikasema lile la pili. Nikasema sitaki kupasuliwa.

Leso ikashuka. "Mama, usiseme hivyo. Wewe? Usinitishe. Umechoka tu na safari, utalala uamke vizuri." Akachukua sinia na kuingia nalo jikoni, maharagwe yakidondoka njia nzima.

Nimezimia tu, basi. Nitaamka.

Ijumaa 16 Mei

Wamboi anapita kando yangu kama mtu aliyebeba maji ya moto. Chakula kizuri sana. Hatuzungumzi.

Endebess, Jumanne 27 Mei

Nimerudi. Gathii ameweka mbolea ya pili. Mahindi yamenifika kiunoni, nilipimwa nayo na wajina, tukicheka. Maumivu zaidi, lakini dawa inayaweza.

Jumapili 8 Juni

Wajina amepata filamu yake. Mwanamke ni dereva wa gari la wagonjwa. Watu wabaya wameteka jengo refu na mgonjwa wake yuko juu kabisa, kwa hivyo anapanda, ghorofa kwa ghorofa, anapigana. Hawakumuulia mtoto. Anapanda kwa sababu ni kazi yake. Nilimpa alama kumi kwa kumi kabla hajafika ghorofa ya pili. Moja niliikata baadaye kwa sababu ya shati: la wenzake wanaume limefika jioni likiwa zima, la kwake limechanika mahali palepale hasa.

Katikati ya filamu anachomwa kisu ubavuni. Anashinda, lakini anaketi kwenye ngazi, kichwa ukutani. Hana maneno pale. Filamu imempa pumzi kidogo tu.

Wajina akaruka na kijiko mdomoni, ndicho kipaza sauti chake. "Amka mama! Simba hakai chini! Amka uwaonyeshe!"

"Mwache akae," nikasema.

"Shosho, watu wataboeka."

"Wewe umewahi kupanda ngazi na mshono tumboni?"

Akashusha kijiko. "Sawa. Sasa aseme nini hapo?"

"Aseme amechoka."

"Tu?"

"Aseme, wale wote waliozoea kuniona nikisimama, leo waje wakae hapa. Wasiniambie niamke. Wakae tu."

Wajina alipunguza sauti ya runinga. "Shosho, ni yeye anasema ama ni wewe?"

Nikamwambia chai yangu inapoa. Kikombe kilikuwa kitupu, na alikiona.

Jumatatu 16 Juni

Chepkemei ameleta mursik, maziwa ya mgando ya kwao, na hadithi ya wezi. Nikamwambia, "Chepkemei, walikuwa watatu, na nilijikojolea." Akanitazama. Akasema, "Mimi niliwasikia wakipita kwangu, nikaingia chini ya kitanda na mbuzi." Tumekuwa majirani miaka hamsini. Ni leo tunafahamiana.

Jumamosi 28 Juni

Mvua. Maumivu. Mahindi yameanza kutoa mbelewele.

Jumapili 6 Julai

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika polepole, yote.

Kibanda kilijaa. Kipkemei alikuwa amepita sokoni akitangaza kwamba mwalimu mkuu atakuwepo na ataangalia nani hayupo. Watu wenye wajukuu walikaa wima kwenye mabenchi. Wamboi alikuja kutoka Myanga. Alikaa kulia kwangu, Gathii kushoto, magoti yake yamegusa benchi la mbele. Hajawahi kuingia pale. Mvua ilianza mara tu filamu ilipoanza, na mvua juu ya mabati haya ni kama lori linalomwaga kokoto.

Wajina alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili. "Niaje watu wa Endebess! Huyu mnaona kwa stiaringi ya ambulansi ndiye staringi. Nimesema mapema, msije mkanisumbua."

"Staringi ni dem?" kijana akauliza.

"Ni dereva. Wewe ukivunjika mguu utauliza dereva ni nani?"

Wakacheka, na wakabaki. Wajina aliwapitisha Kitale yote, akawafanya watekaji kuwa askari wa kanjo, wale wafukuza wachuuzi, akaifanya lifti kuharibika "tangu uchaguzi". Mtu alipigwa na mtungi wa gesi, na wajina akasema ulikuwa wa kilo kumi na tatu, na yule muuza mandazi akasema uchungu huo anaujua kila akijaza gesi. Hakuna aliyetoka.

Kisha kisu. Kisha ngazi. Yule mwanamke akaketi, kichwa ukutani.

Wajina alikaa kimya kwanza. Kipkemei alitikisa mkono: sema! Wajina akasema, kwa sauti ya chini ambayo mvua iliila nusu yake, "Hajazimia. Amechoka. Wacha akae."

"Staringi anachokanga?" yule kijana akasema.

Muuza mandazi akageuka. "Wewe hukuchoka leo, na ulikuwa umelalia pikipiki tu?"

Gathii aliinama sikioni kwangu. Alikuwa ameingia kabisa, kama mtoto. "Lakini ataamka, mama? Si ataamka?"

Na mimi nikauona ule mlango ukiwa wazi tena, nikaingia. "Gathii," nikasema, "sitaki kupasuliwa tena."

"Ati? Sikusikii."

"Sitaki kupasuliwa."

"Mvua, mama! Sema kwa nguvu!"

Basi nikaitafuta ile sauti ya paredi ya shule, ile ya kufika hadi vyooni upande wa pili wa uwanja. Sikujua kama bado iko. Iko. Na mvua, ambayo ilikuwa imenyesha tangu saa nane, ikachagua wakati huohuo kukatika kama bomba lililofungwa.

"SITAKI KUPASULIWA TENA! NIMECHOKA, GATHII!"

Kipkemei alibonyeza kitu kwa mshtuko na filamu ikasimama. Mwanamke alibaki ngazini, hapumui. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka paani, moja, moja. Vichwa vyote vilikuwa vimegeuka, na karibu vyote nimewahi kuvifundisha kusoma.

Wajina akaweka kipaza sauti mdomoni, sauti yake imepasuka. "Tumesikia, shosho."

"Pole, mwalimu," akasema mtu huko nyuma. Na wengine wakaitikia, wote pamoja, wakivuta mwisho wa neno kama walivyoitikia salamu za asubuhi darasani, "Poole, mwaalimu."

Wamboi alikuwa ameshika kiganja changu na hakuwa anapita kando. Gathii alitazama mbele. Uso wake ulikuwa umevunjika vipande na alikuwa anavikusanya kimoja kimoja. Nilifikiri atatoka nje. Kisha akakohoa.

"Kipkemei," akasema, "endelea. Mama anataka kuona mwisho."

Tukaona mwisho. Mwanamke alichukua muda kuinuka, na aliinuka akishika ukuta, na kibanda hakikumharakisha. Alifika juu, akamtoa mgonjwa wake. Halafu filamu ikafanya kosa lile wanalofanya zote: ikamwacha aondoke peke yake barabarani, damu kwenye shati, jua linazama, hakuna hata mtu wa kumpa maji.

"Ah! Na nani anampeleka nyumbani?" watu wakalalamika.

Wajina alitutazama pale benchini. "Hamwoni zile taa kule mwisho wa barabara?" akasema. "Huyo ni kijana wake. Anakuja na pikapu."

Gathii akacheka kwa sauti, na machozi yakipita katikati ya kicheko.

Asubuhi hii aliingia chumbani na gambuti zake, ndoo ya maziwa mkononi. Hakuketi. "Mama, nilikuwa nasema wewe ni mpiganaji ndio mimi nisiogope."

"Najua."

"Bado naogopa."

"Na mimi. Weka ndoo chini."

Akaiweka.

Jumatano 9 Julai

Gathii amepiga simu Eldoret mwenyewe. Daktari wa Kitale atanipa dawa za kutuliza. Kipkemei amempa wajina Jumamosi zote za mwezi huu. Anasema alikuwa na nia hiyo tangu zamani.

Jumatatu 14 Julai

Leo ndiyo ingekuwa siku ya Eldoret. Mvua haikunyesha. Gathii alileta mahindi ya kwanza kutoka shamba la chini, machanga bado, punje zimejaa maziwa. Wajina alinichomea moja, akanipukuchulia, nikala punje chache.

Maumivu yalikuja alasiri. Wamboi, ambaye bado hajarudi Myanga, alinipa dawa. Wajina aliweka ile filamu ya treni, akiwa na kijiko chake. Gathii alitoka shambani, akanawa, akaja. Hakuenda kwenye kiti chake. Aliketi mwisho wa kochi, akatia mkono chini ya blanketi, akaushika mguu wangu. Kumbe Wamboi amemsimulia.

Kiganja chake ni kigumu, kina harufu ya majani ya mahindi. Mwanamke alikuwa juu ya treni, daraja linakuja. Nikafumba macho, na wajina akaendelea kunisimulia.